Mwalimu Mkuu Asiye na Jina

Leo naomba tuongee habari za maiti. Najua wengine mnasoma huku mnakula, basi malizeni chipsi zenu kwanza, mimi nitawasubiri hapa hapa.

Mtauliza, mtu wa Ualimu, tena wa Kiswahili na Historia, anatafuta nini mochwari? Hadithi ni fupi. Nina rafiki anasoma udaktari (chuo sikitaji, na yeye simtaji). Alikuja getoni kwetu wikiendi moja tukaanza ule ubishi wetu wa siku zote, kozi ipi ngumu. Sisi tukajitapa na maprofesa wetu. Yeye akasema, "Mwalimu aliyenifundisha mimi kuliko wote hana hata jina." Tukacheka. Kumbe jamaa hatanii, alikuwa anauongelea ule mwili waliousoma mwaka wa kwanza, wanafunzi wanane meza moja. Miezi yote ile wamefungua misuli, wamefuata mishipa, wameushika moyo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua yule mtu aliitwa nani, alitoka wapi, au kama yupo ndugu anayemtafuta mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza watu, na sasa nina maoni yangu. Kuufanya mwili usioze tumeshajifunza. Kumwomba mwenye mwili kabla hajafa, hilo bado, na naona sisi wasomi ndio tunaokwepa.

Nianze na dawa yenyewe. Mliosoma sekondari yenye maabara mnaikumbuka ile mitungi ya kioo, chura mmoja na samaki wawili wamekaa kwenye maji ya manjano tangu enzi za mkuu wa shule wa kwanza. Yale maji ni fomalini, yaani gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa ndani ya maji. Ikiwa kali kabisa inafika kama asilimia 37, halafu hupunguzwa makali kulingana na kazi. Mjerumani mmoja, Ferdinand Blum, ndiye aliyegundua mwaka 1893 kwamba inakaza nyama. Alikuwa anaifanyia majaribio kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake mwenyewe inakuwa ngumu! Kinachotokea ni kwamba nyama ya mwili ni protini, na hii dawa inazifunga protini moja na nyingine kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Zikishafungwa, bakteria hawana pa kuuma, na wenyewe pia wanakufa.

Binadamu lakini hatumbukizwi tu kama chura. Dawa inachomwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, wa shingoni au wa paja, ikapita njia zile zile ilizokuwa inapita damu, kwa pampu au kwa chombo kilichoninginizwa juu ishuke yenyewe. Ni lita kumi na zaidi. Wanachanganya na spiriti, na gliserini ili mwili usikauke kama ngozi ya ngoma, na fenoli kuzuia ukungu. Kisha mwili unalazwa kwenye tangi miezi kadhaa kabla haujaguswa na kisu. Ukitunzwa vizuri unakaa miaka.

Na tusijifanye hii ni habari ya madaktari peke yao. Ndugu yako akifia Dar na kwenu ni Ukerewe, mochwari wanamchoma dawa hiyo hiyo ndipo gari linaondoka. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, akazikwa Chato tarehe 26, baada ya watu kuuaga mwili Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar na hapa kwetu uwanja wa CCM Kirumba. Wote wawili, siku tisa. Wazee wetu wa zamani wasingeweza kusubiri siku tisa kwa joto hili, mtu alikuwa anazikwa jua halijazama. (Halafu Magufuli mwenyewe aliwahi kufundisha Kemia na Hisabati pale Sengerema, angewaeleza habari za fomalini vizuri kuliko mimi.) Tofauti iko kwenye makali tu. Dawa ya msibani ni ya siku au wiki, ya chuoni ni ya miaka, kwa hiyo inapigwa kali.

Na hapo kwenye makali ndipo pana tatizo. Rafiki yangu anasema mwili wa fomalini ni mgumu kama ubao. Mkono haukunjiki, rangi inakuwa ya kijivu na kahawia, mapafu ukiyapuliza hayajai. Kwa mtu anayekariri majina ya misuli, hewala. Lakini daktari anayejifunza upasuaji atazoea ubao halafu kesho anapewa mama yako ambaye ni laini na anatoka damu. Isitoshe ile harufu inachoma macho mpaka mtu analia kama yuko msibani kweli. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana wazi kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwanafunzi anaivuta saa chache kwa wiki. Mhudumu wa mochwari anaivuta maisha yake yote ya kazi, na sisi mtaani tunachomlipa ni kumsema kwamba lazima awe anakunywa gongo ndio aiweze ile kazi.

Duniani wametafuta njia nyingine. Ya kwanza ni kugandisha. Mwili unawekwa kwenye baridi nyuzi 20 chini ya sifuri, ukitaka kuutumia unauyeyusha. Unakuwa laini kama wa mtu aliyefariki jana, wapasuaji wanaipenda sana, ila ukishayeyuka una siku chache tu. Na inahitaji umeme usiokatika, sasa hapo sijui niseme nini, wote mnaijua Tanesco.

Ya pili ni ya profesa Walter Thiel wa kule Graz, Austria, aliyeichapisha mwaka 1992 baada ya kuihangaikia miaka mingi. Huyu mzee alipunguza fomalini ikawa kidogo sana, akaweka chumvi za aina mbalimbali, asidi ya boriki na dawa nyingine, mwili unaloweshwa miezi kwenye tangi. Ukitoka, viungo vinakunjika, rangi inakaribia ya mtu hai, unaweza kufanyia mazoezi hata ule upasuaji wa matundu madogo wa kuingiza kamera tumboni. Ubaya wake ni bei. Dawa ni nyingi, tangi ni kubwa, na vitu vyenyewe vinaagizwa nje.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda mimi mtoto wa ziwani. Ni chumvi! Coleman na Kogan walichapisha mwaka 1998 njia ya chumvi nyingi ya kawaida na fomalini kidogo tu, na wengine wameiendeleza baada yao. Harufu inapungua, mwili unabaki laini, na chumvi si kitu cha kuagiza Ulaya. Nenda Mwaloni pale Kirumba ukaangalie kayabo, sangara wamepigwa chumvi wamepangwa wanasubiri safari ya Kongo. Bibi zetu walijua zamani kwamba chumvi inamnyima bakteria maji. (Samahani kwa mfano, simlinganishi binadamu na samaki, nalinganisha kazi ya chumvi.) Kwa maoni yangu vyuo vyetu vingefundishia mwaka wa kwanza kwa njia ya chumvi, na kwa ajili ya madaktari bingwa tukawa na kituo kimoja Kanda ya Ziwa chenye tangi la Thiel, watu waje kwa zamu. Bugando ndiyo rufaa ya kanda nzima tangu ilipofunguliwa mwaka 1971, na chuo cha udaktari kilianza pale mwaka 2003. Sioni kwa nini mpasuaji wa Kagera au Mara asafiri nje ya nchi kujifunza kitu ambacho kingeweza kufundishwa juu ya kilima kile tunachokiona kila siku tukiwa kwenye daladala.

Haya, hayo ni ya dawa, na dawa ni pesa, siku moja itapatikana. Lililoninyima usingizi ni hili la jina.

Miili inatoka wapi? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 uliangalia vyuo vya udaktari katika nchi mbalimbali za Afrika, ukakuta vingi vinategemea miili ambayo haikudaiwa na ndugu. Afrika Kusini ndiko ambako angalau watu wengi huandika wenyewe kabla ya kufa kwamba nikifa mwili wangu upelekwe chuoni. Sasa jiulize nani hadaiwi. Mbunge hadaiwi? Mwenye maduka pale mjini hadaiwi? Ni yule mbeba mizigo aliyekuja kutafuta maisha, jina la kwao hakuna anayelijua, hapa mjini anaitwa Mbeya kwa sababu alisema ametoka Mbeya. Ni kichaa wa stendi. Ni mtoto wa mtaani aliyegongwa usiku. Na wapo wenye ndugu kabisa, ila ndugu hawana nauli, au hawakupata habari mpaka siku zikapita.

Haya mambo tuliyakuta, hatukuyaanzisha sisi. Mwaka 1828 kule Edinburgh wanaume wawili, Burke na Hare, waliua watu 16 wakauza miili kwa daktari aliyekuwa anafundisha anatomia. Uingereza ikashtuka, na mwaka 1832 ikatunga sheria ya kuwapatia madaktari miili kwa njia halali. Halali yenyewe ikawa ni maskini waliofia kwenye nyumba za mafukara bila mtu wa kuwadai. Yaani walipoona ni aibu kununua maiti ya maskini, wakaamua kuichukua bure. Fikra hiyo ikasafiri na bendera yao, na majirani zetu Kenya wana Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, ambayo mpaka leo ina harufu ya ile ya 1832.

Sisi wa Mwanza ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kusikia uchungu hapa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, mimi sijazaliwa, lakini nani hapa hajasimuliwa? Mamia ya watu walikufa, na wengi waliotolewa majini walikuwa hawatambuliki tena. Mji ukawazika Igoma, ukajenga na mnara wa kumbukumbu. Hatukuwajua majina wote lakini tuliwazika kama watu wetu. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara, yale yale, ambao hawakutambuliwa walizikwa kwa heshima kisiwani. Kwa hiyo kumheshimu asiye na jina tunaweza, tumefanya mara mbili na zaidi. Iweje yule aliyekaa mezani mwaka mzima akawatengeneza madaktari wanane, ambao kila mmoja atatibu maelfu, asipate hata mstari mmoja kwenye ukuta?

Rafiki yangu aliponisikia hivi alikuwa mkali. Akaniambia, "Wewe mwalimu unaongea tu, bila hiyo miili ungetibiwa na mtu aliyejifunzia kwenye picha." Ni kweli, namkubalia kabisa, hata kompyuta zinazoonyesha mwili kwa rangi haziwezi kukufundisha jinsi mshipa unavyoteleza kwenye vidole. Sisemi waache kesho. Nasema tuanze kuwapa miili iliyotolewa kwa hiari, ili siku moja wasihitaji ya Mbeya. Chama cha kimataifa cha wanaanatomia kilishasema hivyo mwaka 2012, kwamba itumike miili ya watu walioridhia wenyewe wakiwa hai.

Mtasema Watanzania hawawezi kukubali, watu wanaogopa mumiani. Hapo sasa mmeingia kwenye anga zangu za Kiswahili! Neno mumiani limetoka kwenye Kiajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, na ndilo hilo hilo lililowapa Wazungu jina la zile maiti zilizokaushwa za Misri. Yaani tangu zamani neno lenyewe linanuka maiti iliyohifadhiwa na dawa inayotokana na mwili wa mtu. Huku kwetu likawa jina la mnyonya damu anayewatuma watu wake usiku, na wakati mwingine mtu huyo alikuwa amevaa koti jeupe. Msiwacheke wazee. Walikuwa wanasema kitu kimoja cha kweli kabisa, kwamba kuna watu wenye nguvu ambao wanaweza kuuchukua mwili wako bila kukuuliza.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jeraha letu bichi. Kuanzia mwaka 2007 hivi tuliona ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo, familia zikafikia hatua ya kumwaga zege juu ya kaburi ili mifupa isiibiwe. Ukienda kwa mtu aliyemwagia zege kaburi la mtoto wake ukamwambia atoe mwili kwa ajili ya sayansi, usishangae akikufukuza na panga. Ndiyo maana siri ni sumu kwenye jambo hili. Kila mlango wa chumba cha anatomia usio na maelezo unamzaa mumiani mwingine mtaani.

Mimi nimejaribu nyumbani kwanza. Likizo iliyopita nilikuwa Ukerewe kwa bibi, tunachambua dagaa, nikamrushia polepole: bibi, hivi mtu akisema akifa wampeleke chuoni madaktari wajifunzie, ni vibaya? Akanyamaza. Nikajua nimeharibu. Halafu akauliza, "Mume wangu (ndivyo anavyoniita), wanakaa naye muda gani?" Nikamwambia mwaka, miwili, hata zaidi. "Wakimaliza wanamrudisha?"

Inabidi niwaeleze kwa nini aliuliza hivyo. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi. Alitoka usiku, asubuhi mtumbwi ulikutwa, yeye mpaka leo hapana. Kwa bibi suala la kukatwakatwa halikuwa kubwa kama nilivyotegemea. "Ziwa halirudishi," akasema, "hao wa chuo wana mikono na magari, wakishindwa kurudisha ni makusudi." Akaendelea na dagaa wake.

Nimekaa darasani miaka mitatu sasa, sijasikia hoja ya maadili iliyonyooka kama ile.

Na inawezekana, tena wapo wanaofanya. Thailand wanafunzi wa udaktari wanauita ule mwili "ajarn yai", na wanavyoeleza ni jina lile lile linalotumika kwa mkuu wa shule. Mwalimu mkuu! Watu wanajiandikisha wenyewe wakiwa wazima, masomo yakiisha unafanyika msiba mkubwa wa kuwachoma kwa desturi yao, wanafunzi na familia pamoja. Taiwan wana mpango ambao wanafunzi wanakwenda kabisa nyumbani kwa marehemu kabla ya kuanza, wanaambiwa alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikufa na ugonjwa gani. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanyia utani wa kijinga mezani?

Kuhusu dini, Wakatoliki wenzangu msijifiche nyuma ya Papa, katekisimu inakubali uchunguzi wa maiti kwa ajili ya sayansi na inasifu kutoa viungo baada ya kifo. Kwa ndugu zangu Waislamu jambo ni zito zaidi kwa sababu ya kuharakisha maziko, na nadhani hakuna haja ya kumsukuma mtu. Hiari ni hiari.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Chuo kinachofundishia miili kiwe na siku moja kwa mwaka ya ibada, milango wazi, wachungaji na mashehe waalikwe, masalia yazikwe mahali panapojulikana. Wahudumu wapewe vifaa vya kujikinga na feni zinazozunguka. Na iwepo fomu ya Kiswahili, ukurasa mmoja, mtu aweze kuisaini mbele ya ndugu zake.

Mimi fomu hiyo ikija na mistari miwili, mmoja wa jina langu kusomwa mbele ya wanafunzi watakaonikata, na wa pili wa tarehe ya kurudishwa Ukerewe, nasaini siku hiyo hiyo, na bibi atakuwa shahidi. Ikija bila ule mstari wa pili, siipeleki kwake. Wa Sheria mmejaa hapa Malimbe, ukurasa mmoja hauwezi kuwashinda, andikeni halafu mniletee niwanyooshee Kiswahili. Ila si kabla ya Jumatatu, nina kazi ya Fasihi ya kukabidhi na sijaandika hata neno.